Mchora mabango wa Nyakato na websaiti inayosubiri kujibiwa salamu

Saa mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Nyakato, Musoma. Mashine ya kusaga imeshaanza kunguruma. Ng'ambo ya barabara, ndani ya chumba chenye kompyuta nne na feni moja inayozunguka kwa uvivu, Pastory Machage anasugua vidole vyake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi nyekundu haitoki. Anavitazama, anaguna, kisha anaviweka hivyo hivyo juu ya vibonye na kuanza kubonyeza kimoja kimoja, kwa tahadhari ya mtu anayevuka tope na viatu vya kanisani.

Anaandika neno, anatazama kioo. Anaongeza alama ya kufungua, anaongeza ya kufunga, anatazama tena. Modemu inalia, inakoroma, inanyamaza. Ukurasa unaanza kushuka kutoka juu taratibu: kwanza rangi ya ziwa, halafu lundo la dagaa wanaong'aa, na katikati, kwa herufi nene za mabango, swali moja: HABARI ZA NYUMBANI?

"Imekubali," anasema, na kuegemea kiti. Lakini uso wake hauna raha ya mtu aliyemaliza kazi. Anamgeukia mgeni wake wa gazetini. "Sasa hebu nisaidie. Hapa tunaiona. Yenyewe iko wapi?"

Swali hilo analiuliza tangu mwaka jana. Amemuuliza mwenye kompyuta, amemuuliza mwalimu wa fizikia, amemuuliza padri. Kila mmoja amejibu kwa namna yake, na kila jibu limemwacha palepale alipokuwa, ila na maumivu kidogo ya kichwa.

Pastory ana miaka arobaini na mitatu na ni mchora mabango. Ukitembea kutoka Nyakato hadi sokoni, ukasoma maandishi ya kila kinyozi, kila bucha na kila duka la dawa, umesoma mkono wake. Pembeni kabisa ya kila bango, chini kulia, ameandika jina lake kwa herufi ndogo. Tangu mwaka jana anachora pia kurasa za intaneti, ambazo yeye huziita mabango ya ndani.

"Bango la barabarani nikishalitundika, najua liko wapi," anasema. "Mvua ikinyesha nalifikiria. Hii ya ndani nikishamaliza, wanaizima. Halafu wananiambia bado ipo. Ipo wapi, na mmezima?"

Kwao ni kijijini, upande wa Butiama, kwenye familia ya wafugaji. Baba yake alitaka mchunga ng'ombe. Alichopata ni mtoto aliyewachora ng'ombe hao kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na mama yake akamchapa kwa kuchafua nyumba. Baadaye mama huyohuyo akawa anawaita majirani waje waone yule dume mwenye baka.

Alishuka Musoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambao hata leo akiusimulia huwa anacheka kicheko kisicho na furaha ndani yake. Watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na foleni ya sukari bila kujua kama sukari yenyewe ipo. Kwa mchora mabango ilikuwa miaka mibaya kuliko yote, maana kazi yake ni kutangaza kilichopo.

"Duka lilikuwaga na kaunta na mzee mmoja amekaa," anakumbuka. "Rafu tupu. Sasa hapo utachora nini? Utaandika 'Hakuna Sabuni'?"

Akaishi kwa kuandika kaulimbiu kwenye kuta za ofisi na majina ya watakatifu kwenye kuta za kanisa. Rangi nazo ziliadimika. Alitwanga mkaa, akauchanganya na uji wa muhogo, akaomba Mungu mvua isije kabla ya sikukuu kupita.

Kisha biashara ikafunguliwa, na vitu vikamwagika mjini. Vikaja vitenge, magodoro, redio, mitumba, sabuni za kila rangi. Aliyekuwa na magodoro matatu alijiita duka la jumla, na duka la jumla haliwezi kukaa bila bango. Pastory alichora hadi mkono ukafa ganzi. Ni katika miaka hiyo ndipo alipomuoa Esta, binti wa Kigera, akajenga vyumba viwili na kuviezeka bati.

Neema hiyo haikudumu. Miaka michache iliyopita zikaanza kuingia kutoka Mwanza herufi za plastiki zilizokatwa kwa mashine. Unazibandika, umemaliza, na hakuna herufi iliyopinda. Pastory, aliyekuwa akichora mabango manne kwa wiki kwa shilingi elfu kumi na tano kila moja, akajikuta anamaliza mwezi na bango moja, na wakati mwingine hana hata hilo.

Ndipo Ursula Kasmiri alipomwita. Ursula alikuwa akifundisha upigaji chapa hapo hapo Nyakato, na kwa akiba yake alikuwa amenunua kompyuta nne zilizotumika. Alitaka bango lenye neno moja tu, INTANETI.

Sasa, Pastory ana desturi yake ya kazi, na wateja wake wanaijua. Hachori kitu ambacho hajakiona. Ukimwambia bucha, atakwenda kumtazama ng'ombe. Ukimwambia mganga wa meno, atataka kuona meno. Akamuuliza Ursula hiyo intaneti inafananaje, ili ajue aweke picha gani pembeni mwa neno. Ursula akamvutia kiti mbele ya kompyuta.

Alikaa pale mpaka umeme ulipokatika, na bango lenyewe hakulichora wiki hiyo.

Ursula anakumbuka kwamba alijaribu kumweleza tangu mwanzo. Alimwambia kuna maabara huko Uswisi, ambako miaka kama kumi na kitu iliyopita wanasayansi walichoka kutafutana makaratasi, na Mwingereza mmoja aliyefanya kazi pale akabuni namna ya kuziunganisha kurasa, ili ukigusa neno kwenye ukurasa huu upelekwe kwenye ule. Pastory alilielewa hilo upesi. Kwake lilikuwa bango lenye mshale, kama lile alilowahi kuwachorea wauza dawa: duka liko nyuma, fuata huku. Kilichomshinda ni habari iliyofuata, kwamba maabara ile iliutoa ubunifu huo kwa dunia nzima bila kudai malipo.

"Bure?" alimuuliza Ursula. "Na kila ukurasa hawaandiki hata jina lake pembeni?"

Ursula akasema hawaandiki. Pastory alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe, na Esta naye akasema labda mtu huyo alikuwa na shida nyingine kichwani.

Lakini Ursula alikuwa na shida yake mwenyewe. Alama za kutengenezea kurasa alizijua, alizisoma kwenye kitabu alichotumiwa na dada yake wa Dar es Salaam, ila kila alichotengeneza, kwa maneno yake, kilifanana na fomu ya kodi. Alihitaji mtu mwenye jicho. Akamwambia Pastory, nitakufundisha alama, wewe leta jicho, tutagawana.

Alama zenyewe hazikumsumbua sana. Kila unachokifungua lazima ukifunge, usipokifunga vinatoroka vyote, na mtu aliyekulia kwenye zizi hahitaji kuambiwa hilo mara mbili. Kilichomsumbua ni uzito. Alichora lundo la dagaa kwenye karatasi kubwa, kubwa kweli, maana bango zuri ni lile linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ursula akaliingiza kwenye kompyuta. Picha ilianza kushuka, ikafika kwenye macho ya dagaa wa juu, na hapo mteja wa pembeni aliyekuwa akisubiri barua pepe akaondoka kwa hasira. Pastory akafundishwa kwamba huku picha ina uzito kama mzigo, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyochelewa. Alitingisha kichwa. Kazi gani hii, unayoambiwa uchore kidogo ili uonekane?

Dagaa wale hawakuwa wa mazoezi tu. Walikuwa wa mama mkwe wake, na hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Mama mkwe wake ni Wankyo, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kigera wanaonunua dagaa kwenye mitumbwi, kuwaanika na kuwauza. Kwa miaka mingi mnunuzi wao alikuwa mmoja, bwana mwenye lori anayekuja kila giza la mwezi dagaa wanapojaa, akataja bei kabla hajashuka, na ikawa ndiyo hiyo. Esta alipokwenda kumsimulia mama yake kwamba baba watoto sasa anachora mabango yanayoonekana dunia nzima, Wankyo hakushangaa wala hakupiga vigelegele. Aliuliza swali moja tu, kama dunia hiyo inakula dagaa.

Kabla Pastory hajajua kinachoendelea, kikundi kilikuwa kimekaa na kukubaliana. Bwana wa lori aliambiwa mwezi huu hapana. Magunia yakaanza kupangwa kwenye stoo ya Kigera, yakisubiri wanunuzi wa websaiti.

Pastory alitaka kukataa. Alitaka kusema kwamba yeye mwenyewe haielewi kazi hii, kwamba anabonyeza tu kama anavyoonyeshwa. Lakini agizo lilikuwa limetoka kwa mkwe, na kwao mkwe haambiwi hapana, tena hata huo uso wake hautazamwi hovyo. Utaanzaje kumwelezea mwanamke ambaye mkikutana njiani unaingia majanini kumpisha kwamba mtandao huenda usilete mtu? Akanyamaza, na kila gunia lililoongezeka stoo likawa kama linapangwa juu ya kifua chake.

Maana dagaa hawana subira. Masika yakikuta stoo imejaa na bati linavuja, unyevu unaingia, dagaa wanabadilika rangi, na kilichokuwa chakula cha watu kinauzwa kuwa chakula cha kuku. Akina mama wale wangepoteza msimu mzima. Na jina la Pastory pale Kigera lingekuwa limekwisha, kwake na kwa mkewe.

"Sikulala vizuri," anasema. "Esta alikuwa ananiangalia tu. Bora angenisema."

Akaingia kazini. Na hapo yeye na Ursula wakagombana kwa mara ya kwanza.

Ursula alitaka ukurasa ufunguke na bei, picha na namba ya simu. Pastory akasema haiwezekani. Mtu ametoka huko atokako, amefika kwako, unamkabidhi bei mlangoni? Hata bwana wa lori, pamoja na jeuri yake, alikuwa anaulizwa habari za safari. Akataka ukurasa wa kwanza uwe na salamu, na chini yake kisanduku ambacho mgeni ataandika jibu. Akishajibu, ndipo mlango ufunguke aone bei na simu. Asipojibu, akae hapo hapo.

Ursula alimwambia kwamba watu wa mtandao wana haraka, na hata Kiswahili chenyewe wengine hawakijui. Pastory akauliza haraka ya kwenda wapi, kama wamekaa kwenye kiti.

Aligoma pia kuondoa maelekezo. Chini ya salamu aliandika, kama anavyoandika kwenye kila bango, kwamba anayetaka habari zaidi afike Nyakato, Musoma, mkabala na mashine ya kusaga. Ursula alicheka hadi akavua miwani. Akamuuliza mtu wa Uswisi ataijuaje hiyo mashine ya kusaga. Pastory akajibu kwamba akishuka stendi atauliza. Kitu pekee alichoshindwa ni jina lake pembeni. Ursula alilifuta, akasema ukurasa ni wa mteja, siyo wa fundi. Hilo lilimuuma, anakiri, na mpaka leo anaona halikuwa la haki.

Wankyo akataka kuja kuiona. Aliteremka Nyakato na kitenge kipya, na ndipo ilipogundulika kwamba vijichumba vya kompyuta vya Ursula havikujengwa na mtu aliyefikiria wakwe. Vina nafasi ya kiti kimoja na nusu. Pastory na mama mkwe wake bega kwa bega mbele ya kioo kimoja lilikuwa jambo la kumfukuzisha mtu ukoo. Akatoka nje, akasimama barabarani dirishani, na kuanza kumwelekeza Ursula kwa sauti abonyeze wapi, huku amewapa mgongo. Wapita njia walisimama kumtazama mtu mzima anayeupigia kelele ukuta wa mashine ya kusaga.

Wankyo alitazama dagaa wake kwenye kioo. Alisoma salamu pole pole. Kisha akaijibu kwa mdomo, kwamba nyumbani salama, na kumuuliza Ursula mbona haiendelei.

Ukurasa ukawekwa mtandaoni mwanzoni mwa Februari. Chini yake Ursula aliweka kihesabu cha wageni, na kihesabu kile ndicho kilichomchanganya Pastory kuliko yote. Kilikuwa kinapanda. Watu ishirini, watu hamsini, watu mia. Walikuwa wanafika. Na hakuna hata mmoja aliyeandika neno kwenye kisanduku.

Kila asubuhi alikuwa akipita kwa Ursula kabla ya kufungua makopo yake ya rangi. Anakaa, anatazama namba, anatazama kisanduku. Haikumwingia akilini. Mia nzima wamesimama mlangoni, wameulizwa habari za nyumbani, wamegeuka na kuondoka kimya? Ni watu wa namna gani hao? Au wamechukia? Au nyumbani kwao kuna msiba na yeye anawachokoza? Alibadilisha rangi ya herufi, akidhani nyekundu inaonekana kama hasira. Akaweka kijani. Namba ikapanda, kisanduku kikabaki kitupu.

Mawingu nayo yakaanza kukaa juu ya ziwa mchana kutwa. Kule Kigera akina mama wawili walianza kusema wazi kwamba bwana wa lori ana ubaya wake lakini angalau ana sura. Bwana huyo mwenyewe alipita siku moja, akamuuliza Esta kwa upole wa kuudhi websaiti yao inaendeleaje, na kutaja bei iliyo chini ya ile ya mwanzo.

Ursula akamwambia Pastory kwamba sasa inatosha, salamu iondoke. Haikuwa ubishi tena, alikuwa anamhurumia. Pastory akakubali. Ila alisema hawezi kuitoa salamu ya mkwe wake bila mkwe kujua, maana ingekuwa kama kumng'olea mlango. Akaenda Kigera na Esta. Yeye akabaki uani chini ya upenu, Esta akaingia kusema.

Jibu la Wankyo alilisikia kupitia ukuta, na maneno yake anayarudia mpaka leo: "Mtu asiyejibu salamu yangu, gunia langu nitamkabidhije?"

Hata hivyo kikundi kilikaa jioni hiyo bila kumsikiliza sana mwenyekiti wake. Wakaamua kusubiri mpaka Jumamosi. Jumamosi lori likipita, wauze.

"Nilitoka pale sijui niko upande gani," Pastory anasema. "Ursula alikuwa na haki. Mkwe wangu alikuwa na haki. Sasa mimi nikae wapi?"

Jumamosi aliamka na kwenda Nyakato kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Hewa ilikuwa inanukia mvua. Alikuwa amesimama barazani kwa Ursula, akirudishia rangi bango la INTANETI lililoanza kupauka, mwanamke mmoja wa makamo aliposhuka kwenye baiskeli ya kukodi akiwa na begi la safari. Alitazama mashine ya kusaga. Akageuka kutazama mlango ulioko mkabala nayo. Akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

Pastory akamwamkia shikamoo. Mwanamke akaitikia, kisha akasema bila kukaa:

"Nimekuja kujibu. Nyumbani salama. Watoto wazima, wawili wanasoma. Mzee tulimzika mwaka juzi. Ninyi je, habari za hapa?"

Pastory anasema brashi ilimdondoka, ikamwaga bluu kwenye mguu wa suruali. Ursula, aliyekuwa ndani, anasema haikudondoka, aliitupa. Vyovyote iwavyo, alijibu. Alimpa pole ya mzee, akasema wao wapo, ziwa lipo, mvua inakuja. Kisha akaketi kwenye kopo la rangi, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni.

Mgeni huyo ni Benedikta. Ni mzaliwa wa Bunda, aliyeolewa Kitwe, Zambia, tangu ujana wake. Kila mwaka huja Mwanza kununua dagaa na kuwapeleka huko kwake kwa lori. Safari hii, akiwa Mwanza, binti wa kaka yake alimpeleka kwenye nyumba ya intaneti kumwonyesha maajabu ya dunia, na kwa utani akaandika Musoma na dagaa. Kurasa zilizokuja hazikuwa nyingi. Mmoja uliwauliza habari za nyumbani.

Binti alitaka kuandika herufi yoyote ile kisandukuni ili wapite. Benedikta akamshika mkono. Alimwambia salamu haijibiwi hivyo, kwa kidole cha mtu mwingine, ndani ya kisanduku. Zaidi ya hayo, mahali penyewe palikuwa pameandikwa. Akapanda basi.

Kule Kigera mambo hayakukimbizwa. Alikaa na Wankyo wakanywa chai, wakatafutana ukoo hadi wakampata shangazi mmoja wa Bunda aliyewahusu wote wawili, na ni baada ya hapo ndipo bei ilipotajwa. Alichukua zaidi ya nusu ya magunia, kwa bei iliyozidi ya bwana wa lori. Yaliyobaki aliuziwa bwana wa lori, kwa bei yake ileile ya mwanzo, maana alipoona magunia yanatoka stoo alisahau ile ya pili. Mvua ilinyesha siku mbili baadaye, ikaikuta stoo tupu.

Ungedhani Pastory sasa ametulia. Wapi!

Kabla ya kuondoka, Benedikta alirudi Nyakato akasema naye anataka ukurasa wake, wa genge lake la Kitwe. Pastory alichangamka, akachukua karatasi na penseli, akamuuliza salamu yake aiweke kwa Kiswahili au kwa lugha ya kule.

"Salamu usiweke," Benedikta akasema. "Weka bei. Juu kabisa, herufi kubwa. Wateja wangu hawana muda huo."

Pastory akabaki na penseli hewani. "Lakini mama, wewe si ndiyo umekuja kwa ajili ya salamu?"

"Mimi ndiyo," Benedikta akajibu. "Wao siyo."

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita, na bado anaizungusha kichwani. Ursula anasema ndicho alichokuwa akimwambia tangu mwanzo. Wankyo, kupitia kwa Esta, anasema ndicho alichokuwa akikisema yeye. Na ukurasa wa akina mama wa Kigera umebaki na salamu yake na kisanduku chake. Wageni wamepita mia nne. Walioandika jibu mpaka leo ni watatu, mmoja akiwa padri.

Kazi, hata hivyo, imeanza kuja. Fundi baiskeli mmoja wa Bunda ameulizia ukurasa, na shule moja ya kule kwao Butiama inataka kuweka picha ya kengele yake. Pastory anapanga kwenda Mwanza mwisho wa mwaka kusoma wiki mbili, na Ursula ameahidi kulipia nusu. Makopo ya rangi hajayatupa. Anasema akishaelewa websaiti iko wapi ndipo ataamua kama atayatupa, na kwa mwendo huu makopo yatakaa sana.

Asubuhi hii, anapomaliza kuukagua ukurasa wa Kigera, anafungua ule wa Benedikta amwonyeshe mgeni wake wa gazetini. Bei iko juu kabisa, kubwa, kama alivyoagizwa. Kuna picha ya dagaa, ndogo, nyepesi. Kuna namba ya simu. Ursula anaupita kwa macho na kusema hapo sasa ndipo, hiyo ndiyo kazi.

Kisha Pastory anausogeza ukurasa chini, chini kabisa, kwenye pembe ya kulia, mahali ambapo kwa miaka yote amekuwa akiandika jina lake. Jina halipo. Kuna maneno matatu kwa herufi ndogo mno, ambazo asiyetafuta hawezi kuziona. Habari za nyumbani?

Hakuna kisanduku cha kujibia. Anapoulizwa atajuaje kama mtu amejibu, anakuna kichwa kwa kidole chenye rangi nyekundu, na kwa mara ya kwanza asubuhi yote anatabasamu.

"Sitajua," anasema. "Lakini huko aliko, kama ni mtu wa kwetu, ataitikia tu mwenyewe kwa mdomo. Mimi natumaini tu siku hiyo nyumbani kwake kutakuwa salama."